Kifaa Kilichoona Chini ya Bati

Siku tatu kabla mjukuu wangu wa kike hajaanza kazi ya kupima miti mlimani, alikuja kunichukua twende dukani tukachague kifaa cha kumwonyesha njia. Wenyewe wanakiita GPS. Ofisi iliyomwajiri ilimpa karatasi yenye aina mbili ikamwambia achague moja, duka limwandikie, ofisi italipa. Angeweza kwenda na wenzake wa rika lake, lakini mama yake alikuwa amemwekea sharti: "Bibi yako akisema ndiyo, nenda. Akisema hapana, hizo buti zivue." Basi neno lilikuwa kinywani mwangu, na mimi nilikuwa nimeshaogopa tangu jana yake.

Niliogopa kwa sababu ya aliyemtangulia katika kazi hiyo. Kijana wa watu alipanda Jumatatu, ukungu ukamshukia, akapatikana siku ya tano amekaa chini ya mti anaongea na buti zake. Hakufa. Lakini mguu wa kushoto umebaki na vidole viwili, na mkewe anasema hata kwenda chooni anaomba asindikizwe. Mtu akikusimulia hayo, kisha ukamtazama mjukuu wako anavyofunga kamba za buti huku anatembea, utapata usingizi?

Huyu mjukuu tunamwita Chapuchapu. Alizaliwa mkunga akiwa bado ananawa mikono, na tangu siku hiyo hajawahi kusubiri kitu. Chai anainywa ikimuunguza. Mlango anausukuma kabla hajajua kuwa unavutwa.

Mimi ni kinyume chake. Miaka thelathini na mmoja nimefanya kazi kwenye kitalu cha miche, najaza udongo kwenye vifuko vyeusi, napanda mbegu za msonobari, namwagilia, nangoja. Mbegu haisukumwi. Miche ikikua kiasi inapakiwa kwenye lori inapandishwa mlimani, mimi nabaki chini najaza vifuko vingine.

Duka lenyewe lilikuwa katikati ya fundi saa na mtoa nakala za karatasi. Ndani kulikuwa na hema limesimamishwa, buti zimening'inizwa ukutani, kamba, tochi, na juu paa la bati lililokuwa linalia kwa jua. Muuza duka alikuwa amepandisha miwani kwenye paji la uso, ukimtazama unaona kama ana macho manne.

"Karibuni mama. Mnapanda mlima au mnahama?"

"Anapanda huyu," nikamjibu. "Mimi nimekuja kuogopa kwa niaba yake."

Akacheka, akaweka vifaa viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa kinene, cheusi, kina vitufe pembeni na kioo kidogo, kinatumia betri za duara kama za tochi. Cha pili kilikuwa chembamba, rangi ya chungwa, kioo uso mzima, unakigusa kwa kidole kama simu. Akaviwasha vyote.

Kile cheusi kikaandika kwamba kinatafuta setilaiti, kikabaki hapohapo. Kimstari kinakwenda, kinarudi, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kile cha chungwa hakikusita. Papo hapo ramani ya rangi, vilima, vijito, mshale wa buluu na njia nyekundu, mshale unatembea taratibu juu ya njia.

"Umeona, bibi?" Chapuchapu akaruka. "Hiki kinaona hata chini ya bati! Hicho kingine kipofu."

Muuza duka alifungua kinywa ajibu, lakini mteja wa kamba akamwita kutoka mlangoni. "Hicho wengi wanakipenda," alisema huku anaondoka.

Nami, niseme ukweli, nilivutiwa. Kama kinaona tumefunikwa na bati, nikawaza, ukungu utakifanya nini? Hata hivyo, aliporudi nikamuuliza, "Mvua ikimnyeshea huyu, kidole kikilowa, hiki kioo kitamsikia?"

Akashusha miwani machoni ili anione vizuri. "Mama, mwezi mzima hakuna aliyeniuliza hilo." Akachovya kidole kwenye chupa yake ya maji akagusa kioo. Ramani ikarukaruka kama chura. Akabonyeza vitufe vya kile cheusi kwa kidole kilekile, vikatii.

"Bibi, nitakuwa nafuta kidole," Chapuchapu akasema. "Tuchukue hiki, twende."

"Kiatu hakinunuliwi bila kukitembelea," nikasema. Nikamwomba muuza duka atuazime vyote viwili hadi mchana, tupande kilima cha nyuma ya mji, kwenye msitu wa kupandwa, tujionee. Alisitasita kidogo, akachukua kitambulisho cha mjukuu wangu akakiweka kwenye droo.

"Mkipotea," akasema, "vifaa virudi kwanza, ninyi mtafuata."

Saa tatu asubuhi tulikuwa kwenye geti la msitu. Pale tuliweka alama, ili vifaa vijue tulikoanzia. Kwenye kile cha chungwa Chapuchapu aligusa mara moja, kwisha. Kile cheusi kilianza tena kutafuta. Yeye anapigapiga buti chini, mimi nikamwambia, "Kingoje, na chenyewe kina haki yake." Zilipita dakika kama nne, kikalia kidogo, akabonyeza, akakitumbukiza begini kikiwa bado kinawaka.

Tukapanda kama saa nzima. Sikuwahi kufika huko juu maishani mwangu, na ile misonobari ni ya kitalu chetu. Niliweka kiganja kwenye gome la mmoja. Ulipotoka mikononi mwangu ulikuwa mrefu kama kijiko, sasa siuoni kilele. Niliona fahari, sikatai. Chapuchapu akanitania, "Mke mwenzangu, hawa ndio wanao wa nje?" Tukacheka sote.

Kicheko hakijakwisha, ukungu ukaingia. Haukushuka kutoka juu kama nilivyodhani. Ulipita katikati ya miti, kimya, kama wageni wasiobisha hodi. Nikaona miti ishirini, nikaona kumi, nikaona minne. Na msitu wa kupandwa una ubaya wake. Miti imekaa kwa mistari, nafasi sawa, unene sawa, na ukigeuka upande wowote unaona kichochoro kinachokuita upite. Kila upande ni njia.

"Tumeona ya kutosha," nikasema. "Turudi."

"Usiogope, bibi. Shika begi langu." Akagusa kile cha chungwa, akachagua kurudi tulikoanzia. Mshale ukaonyesha mbele. Kilomita moja na mita mia sita.

Tukatembea. Yeye anasoma namba kwa sauti kama mnadi. Moja na mia nne. Moja na mia mbili. Mita mia tisa! Kila namba iliposhuka, kifua changu kililegea kidogo. Lakini magoti yangu yalikuwa yanasema jambo jingine.

"Chapuchapu, mbona tunapanda? Tulikuja kwa kupanda, tunarudi kwa kupanda?"

"Ndivyo ramani inavyosema, bibi. Labda kuna kilima kidogo hapa."

Nikanyamaza. Hapo nilikosea. Magoti yangu yana miaka sitini na tisa, kile kifaa kilikuwa na asubuhi moja, na mimi nikakiamini kile kifaa.

Miti ikakatika ghafla. Mbele kulikuwa na weupe mtupu. Buti la Chapuchapu likapiga kijiwe, kijiwe kikabingirika, nami nikasikiliza kisimame. Hakikusimama. Kisha mbali, chini kabisa, nikasikia kikitumbukia majini.

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilikamata begi lake kwa mikono miwili nikajiachia chini kwa makalio, tukaanguka chali sote wawili. Buti lake la kulia lilikuwa linaning'inia hewani kuanzia kisigino. Hapakuwa na ukingo, hapakuwa na waya, nyasi tu na baada ya nyasi hakuna kitu.

Nililijua lile shimo kwa kulisikia. Ni machimbo ya mawe ya zamani, na madereva wa lori kule kitaluni walikuwa wakisema yako upande wa pili wa kilima. Upande wa pili. Kwa hiyo geti lilikuwa nyuma yetu, na muda wote tulikuwa tunalikimbia.

Tulirudi nyuma kwa kutambaa hadi mgongo wangu ukagusa mti. Mate yalikuwa yamenikauka, ulimi kama kipande cha ngozi.

"Bibi, zimebaki mita mia tatu na ishirini tu," Chapuchapu akasema. Macho yamemtoka, kile kifaa amekishika kifuani. "Labda tulizunguke hili shimo, geti liko hapo mbele..."

"Kaa."

"Bibi, ukungu unazidi, tukikaa..."

"Kaa nimekwambia! Makalio chini!"

Sijawahi kumpigia kelele mtoto yule. Alikaa kama aliyekatwa miguu.

Nikatoa kile cheusi begini. Kioo chake kidogo kiliandika kilomita mbili na mita mia moja, na mshale wake ulikuwa unaonyesha nyuma, kwenye ule mti nilioegemea na kuendelea. Vifaa viwili, kimoja kinasema mbele, kimoja kinasema nyuma. Mbele kuna shimo. Lakini nyuma je? Katika ukungu ule, nani aliniambia nyuma hakuna shimo jingine?

"Hicho ni kibovu, bibi. Hata dukani hakikuona kitu." Sasa alikuwa analia. "Hiki kiliona hata chini ya bati."

"Viweke hapa chini vyote viwili."

Akaviweka kati ya miguu yetu, juu ya majani makavu ya msonobari. Sikuwa na ujanja wowote kichwani, msije mkanisifu. Nilitaka tu moyo utulie ndipo niinuke. Basi nikawa natazama namba, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama.

Kile cheusi: mbili na mia moja. Mbili na mia moja. Mbili na mia moja.

Kile cha chungwa: mia mbili na themanini. Mia mbili na sitini. Mia mbili na arobaini.

Nikatazama miguu yangu. Nikatazama miguu yake. Tumekaa.

"Chapuchapu," nikamwambia kwa sauti ndogo, "nani anatembea?"

Alitazama. Mia mbili na kumi. Mia moja na tisini. Nywele zilinisimama hadi chini ya kitambaa. Mimi si mtu wa kusadiki mashetani, lakini niligeuka nikatazama nyuma yangu, na kwenye ule weupe nikaona kila mti umesimama kama mtu.

Akakinyanyua, akakigeuza kuelekea shimoni. Mshale: mbele. Akakigeuza kulia. Mbele. Akakigeuza kwangu, mimi bibi yake niliyeegemea mti. Mbele.

"Kinatudanganya," akanong'ona.

Kikaendelea kushuka. Hamsini. Thelathini. Kumi. Kisha kikapiga mlio mtamu kama wa kengele ya mlangoni na kuandika kwa herufi kubwa: UMEFIKA.

Tumekaa hatua kumi kutoka kwenye shimo, hatuoni mbele wala nyuma, na kile kitu kinatupongeza. Maisha yangu yote sijasikia sauti iliyonitisha kama ule mlio.

Chapuchapu akaanza kukigusagusa. Kidole kimelowa ukungu, kioo hakimsikii, anafuta kwenye blauzi, anagusa tena, kurasa zinaruka. Mwishowe akasimama kwenye ukurasa mmoja, akausoma polepole mara mbili.

"Bibi. Hapa pameandikwa maonyesho. Pamewekwa alama ya ndiyo."

"Maana yake nini?"

"Kimewekwa kiigize. Ni cha kuwaonyesha wateja. Kinajitembeza chenyewe. Tangu dukani hakijatafuta setilaiti hata moja. Kiliona chini ya bati kwa sababu hakikuwa kinatazama."

"Na alama uliyoweka getini?"

"Nayo ya uongo."

Akakizima. Tukabaki na yule kipofu wetu, na betri yake ilikuwa imebakiza vijistari viwili.

Chapuchapu alitaka tukimbie. Nikaokota tawi kavu liwe fimbo, nikamwambia hapana, leo natangulia mimi na fimbo, wewe unasoma. Hatua hamsini, tunasimama. Tunangoja namba ishuke. Isiposhuka hatuinui mguu. Akakubali. Nilisikia pumzi yake mgongoni kwangu, fupifupi, kama ya mbwa aliyekimbia.

Hamsini za kwanza: mbili na sabini. Nikashukuru. Hamsini nyingine: mbili na arobaini. Halafu ardhi ikaanza kuteremka kwa nguvu upande wa kushoto, fimbo yangu ikazama kwenye matope, ikabidi tupinde. Hamsini nyingine.

"Bibi, inapanda! Mbili na sitini. Inapanda!"

Tulisimama. Mahali fulani tawi likavunjika likaanguka, kishindo kikaja kutoka pande zote. Alinishika mkono akaniumiza. Nilikuwa nataka kulia mimi pia, lakini tungelia wote wawili nani angesoma?

"Kitazame vizuri," nikamwambia. "Usitazame mshale peke yake. Kuna nini kingine hapo kwenye kioo?"

"Kuna kimstari. Vinukta vinukta." Akainama. Akabonyeza kitufe mara mbili, vidole vimelowa, lakini kitufe ni kitufe, kilitii. "Bibi, hivi ni sisi! Ni tulipopita. Kilikuwa kinatuandika muda wote begini. Tumetoka nje ya mstari, ndiyo maana. Tulipopita ni kulia."

"Basi tusifuate mshale. Tufuate miguu yetu."

Hivyo ndivyo tulivyorudi, nukta kwa nukta. Ukitoka kwenye mstari, unasimama, unangoja kikuone, unarudi. Nilipita tena kwenye miti yangu bila kuitazama. Betri ikabaki kijistari kimoja kikaanza kupepesa, nikakiona. Sikumwambia. Baadaye alinieleza kwamba yeye alikiona kabla yangu, na hakuniambia.

Kilichoniambia tumefika haikuwa namba. Ilikuwa kokoto chini ya kiatu. Halafu nguzo ya geti ikatokea puani kwetu, na mlinzi amekaa kwenye kiti chake amejifunika koti.

"Mama, mlipotea?"

"Tulikuwa tunachagua kifaa," nikamjibu, nikakaa chini pale pale.

Dukani Chapuchapu aliviweka vyote mezani, akamweleza muuza duka neno kwa neno hadi ule mlio. Yule mtu alipauka. Aliishika meza.

"Mama nisamehe. Chini ya bati hili hakuna kinachoona. Ndiyo maana cha kuonyeshea wateja tunakiweka hivyo. Nilikuwa nataka kukitoa kwenye maonyesho, yule wa kamba akaniita, nikasahau. Nisamehe sana." Akakirekebisha mbele yetu, akakitoa nje hadi kikapata setilaiti zake za kweli. "Sasa kiko sawa. Na nisiwafiche, kikiwa sawa ni kizuri kuliko kile cheusi."

"Naamini," Chapuchapu akasema. "Niandikie cheusi."

Muuza duka akanitazama. "Na mama unasemaje?"

Neno lilikuwa kinywani mwangu, na neno lilikuwa hapana. Ningesema hapana, angevua buti, angechukia mwezi mmoja, na mimi ningelala usingizi. Nikamtazama. Alikuwa na matope hadi kwenye nyusi. Hakunisihi. Hakunikatiza. Alisimama tu anangoja nimalize kufikiri, na nilichukua muda mrefu.

"Mwandikie," nikasema.

Nyumbani nilimwambia mama yake yote, na shimo sikulificha. Binti yangu alishika kichwa. "Mama! Na bado umesema ndiyo?"

"Nimesema ndiyo. Sasa niache nikaogope vizuri."

Jumatatu gari la ofisi lilikuja asubuhi. Mizigo ilikuwa imeshapakiwa, wenzake wameshakaa, nafasi yake dirishani iko wazi. Yeye alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mbali na paa, mbali na kamba ya nguo, kile cheusi amekiweka juu ya kiganja kama anayelisha ndege.

Dereva akapiga honi. "Twende dada, jua linapanda!"

"Bado hakijaona," akajibu.

Dereva akapiga tena, ndefu. Mimi nilikuwa mlangoni nimeishika fremu, naomba kimya kimya kisione kamwe, kisione leo wala kesho. Mjukuu wangu hakugeuka. Alikuwa anangoja.